Maswali na Majibu: Pakacha la Shokishoki na Anwani Mbili za Kompyuta

SWALI: Assalaam alaykum, Bwana Mshauri. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa teknolojia ya habari katika chuo kikuu kimoja hapa Unguja, ingawa kwetu ni Wete, Pemba. Somo la misingi ya mitandao ya kompyuta limenielemea, na katika jaribio la kwanza nimepata alama 9 kati ya 30. Nimeyahifadhi matabaka 7 ya mfumo wa OSI, yaani ngazi ambazo kazi ya mtandao imegawanywa, kwa majina yake yote, lakini mhadhiri alipouliza kwa nini kompyuta moja inahitaji anwani mbili, ya MAC na ya IP, sikuwa na la kusema. Kugawa mtandao katika sabneti, yaani mitandao midogo ndani ya mmoja mkubwa, ndiko kunakonitoa jasho zaidi, na sioni kwa nini tukokotoe kwa mkono ilhali zipo programu za simu zinazotoa jibu papo hapo. Mjomba wangu, ambaye hufunga intaneti katika hoteli za Nungwi, ananiambia hajawahi kuyahitaji hayo hata siku moja. Je, nikazane au nibadilishe kozi?
— Mwanafunzi, Mwanakwerekwe

JIBU: Waalaykum salaam. Kozi usibadilishe. Swali la mhadhiri wako ndilo zito kuliko yote uliyoyataja, kwa hiyo nianze nalo.

Chukulia kwamba mama yako huko Wete anakuletea pakacha la shokishoki. Amelifunga kipande cha boksi chenye jina lako na mtaa wako wa Mwanakwerekwe, na maandishi hayo hayaguswi na mtu mpaka pakacha likufikie. Utingo wa gari iendayo Mkoani, hata hivyo, hana haja ya kujua Mwanakwerekwe iko wapi, kwani yeye ameambiwa tu amkabidhi mtu fulani bandarini; huyo wa bandarini humpa baharia, na baharia akifika Malindi humtafuta dereva aliyetajiwa. Kila hatua ina mpokeaji wake, na hatua ikishakwisha mpokeaji huyo hana kazi tena. Kipande cha boksi ndicho anwani ya IP, na hao wanaopokezana njiani ndio anwani za MAC.

Ndivyo ruta, kifaa kinachounganisha mitandao, inavyofanya kazi: ikipokea fremu, yaani bahasha ya nje ya data, huivua, husoma anwani ya IP iliyomo ndani, huchagua njia, kisha huivisha pakiti ile ile (kipande cha data pamoja na anwani zake za IP) fremu mpya yenye anwani ya MAC ya kifaa kinachofuata. Anwani ya MAC ina biti 48, yaani tarakimu 48 za 0 au 1, na kazi yake haivuki mtandao wa hapo hapo, ilhali anwani ya IP ya toleo la 4, yenye biti 32, husafiri na pakiti safari nzima. (Ruta ya nyumbani hubadilisha anwani za ndani, kama zile zinazoanza na 192.168, kabla ya kuipeleka pakiti nje, lakini hilo ni somo la peke yake na usilichanganye na hili kwa sasa.)

Mfano wangu una kasoro, na ni vyema uijue. Pakacha husafiri zima, bali picha unayomtumia ndugu yako hukatwakatwa, kwa sababu fremu ya kawaida ya Ethernet haibebi zaidi ya baiti 1,500. Picha ya baiti milioni 3 itakwenda kwa pakiti zaidi ya 2,000. Tena pakacha likitumbukia baharini ndiyo basi, ilhali itifaki ya TCP, yaani kanuni za kutuma data kwa uhakika, huweka nakala ya kila ilichotuma mpaka upande wa pili ukiri kwamba umepokea.

Kuhusu matabaka, kukariri majina hakukusaidii kitu. Mfumo wa OSI wenye matabaka 7 ulichapishwa mwaka 1984, wakati mtandao wa ARPANET, uliotangulia intaneti, ulikuwa umeshahamia itifaki za TCP/IP tangu tarehe 1 Januari 1983, na ni TCP/IP inayoendesha intaneti hadi leo. Faida kubwa ya yale matabaka 7, kwa maoni yangu, ni kwamba yanawapa mafundi lugha ya kuelezana hitilafu iko wapi.

Sasa nije kwa mjomba, ambaye namheshimu, kwani anayefunga waya juani ana elimu yake. Niliwahi kuitwa katika hoteli moja ya ufukweni ambako intaneti ilikuwa ikikatika kila jioni. Ruta ilikuwa imeshabadilishwa mara mbili, na hali ikabaki ile ile. Nilipoitazama simu ya mgeni mmoja niliona imeunganika na waifai vizuri, lakini anwani yake ilianza na 169.254, yaani simu imeomba anwani, haikupewa, ikajipa yenyewe. Ruta ilikuwa na anwani 100 tu za kugawa, na kila moja ilikaa kwa aliyepewa saa 24. Wageni waliopita mchana kula chakula walizimaliza na kuondoka nazo, hata waliolala hapo wakirudi jioni hawakuti kitu. Tulipanua idadi na kupunguza muda hadi saa 2, na hatukununua kifaa chochote.

Hesabu ya sabneti ndiyo inayokufungua macho kuyaona mambo kama hayo. Tuseme hoteli ina mtandao 192.168.10.0/24 (yaani biti 24 za mwanzo ni za mtandao, na 8 zilizobaki ni za vifaa) na tunataka sehemu 4. Tunaazima biti 2 za vifaa, mtandao unakuwa /26, na barakoa yake, yaani namba inayoonesha biti zipi ni za mtandao, ni 255.255.255.192, kwa kuwa 128 na 64 ni 192. Kila sehemu ina anwani 64, zinazotumika ni 62, kwani ya kwanza ni jina la mtandao wenyewe na ya mwisho ni ya kutangazia wote. Sehemu zinaanzia 0, 64, 128 na 192. Je, printa ya mapokezi yenye 70 mwishoni inaweza kusemezana moja kwa moja na simu yenye 130? Andika 70 kwa biti: 01000110. Bakisha biti 2 za mwanzo na zilizobaki zifanye sifuri, unapata 64. Fanya hivyo hivyo kwa 130, yaani 10000010, unapata 128. Ni mitandao miwili, na bila ruta hawasemezani.

Programu ya simu itakupa 64 na 128, ila haitakuonesha zimetoka wapi, na katika chumba cha mtihani simu huachwa mlangoni. Ukipewa karatasi, kabla hujasoma swali lolote, andika juu yake thamani za biti 8: 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Jioni hii jaribu 192.168.10.200/27: inaanzia wapi, na ya kutangazia wote ni ipi? Ukipata 192 na 223, nenda kwenye /28.