Wadogo mnaoanza kusoma metali, shikeni waya kwanza

Wadogo zangu mliopata nafasi ya kusomea metali, na nyie mnaojifunza kuchomelea huku Mtwara, kabla ya fomula chukua waya mnene wa shaba, ukunje, ukunjue, ukunje tena palepale. Unakuwa mgumu, alafu unakatika. Kipande kingine kilichokunjwa hivyo kichome mpaka kiwe chekundu, kikipoa kimerudi laini. Jiulize kwanini.

Metali ni fuwele, atomi zimejipanga kwa mistari, na ukikunja tabaka zake zinateleza, ila sio zote kwa mpigo. Mwanafizikia Frenkel alipiga hesabu ya kuteleza kwa mpigo mwaka 1926 ikatoka nguvu kubwa mno, fuwele halisi zinalegea mapema sana kabla ya hapo. Jibu likaja 1934, wanasayansi Taylor, Orowan na Polanyi kila mtu kivyake: kuna kasoro za mstari, dislokesheni, ndo zinazotembea. Turubai zito la kuanikia korosho hulivuti lote, unatengeneza mkunjo unausukuma mpaka upande wa pili, ndo hivyohivyo. Kwenye waya wako zimezaliana zikakwamishana, moto ukazipunguza.

Sasa utamu wenyewe. Mwaka 2004 mtafiti Uchic na wenzake kule Marekani walichonga vinguzo vya nikeli kwa miale ya ioni, yaani atomi zenye chaji, vyembamba kuliko unywele, wakavigandamiza. Kadiri kinguzo kinavyopungua unene ndo kinazidi kugoma! Wengi mnakimbilia kusema eti hakina kasoro, hapana, zinaweza kuwemo, ila nafasi ya kuzalisha mpya ni finyu kwahiyo inataka msukumo mkubwa, na kwenye vya dhahabu vya chini ya mikromita moja (sehemu ya elfu ya milimita) maelezo mojawapo ni kwamba kasoro zinatoka nje kupitia uso wa kinguzo kabla hazijazaliana.

Grafu ya nguvu na kiasi kinguzo kinavyofupika inakuja ngazi ngazi, kinatulia alafu kinateleza ghafla, usiisafishe ukidhani mashine mbovu. Ila chunguza umbo: kikiwa kinene chini kuliko juu kitajifanya kinaongezeka ugumu wakati ni umbo tu linakudanganya. Uliza pia fuwele, yaani mistari ya atomi, imeelekea wapi, maana mwelekeo unabadilisha majibu, na pima vingi, vya saizi moja havikubaliani.

Nyie wa saiti, namba za vinguzo msizipeleke kwenye nondo, na nondo ikishakunjwa kona kali usiinyooshe uitumie kama mpya, hata bosi akinuna.