Kilti ya tweed si msuli

Mimi ni mtu wa msuli. Nimekulia Tanga, jioni bila msuli sijisikii nimefika nyumbani, kwa hiyo nilipohamia Edinburgh nikadhani kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Uskoti, nitaizoea kwa siku moja. Nikaagiza mtandaoni kwa saizi ya suruali yangu. Kitovuni haikufunga. Nikaishusha nyongani, upindo ukapita magoti, nikawa kama niliyeazima sketi ya shangazi.

Basi shika utepe, upime usawa wa kitovu. Kilti hukaa huko juu, na upindo huishia katikati ya goti.

Kwa nini tweed, kitambaa kizito cha sufu? Ukivaa tatani, kile cha miraba ya rangi, utaulizwa ni ya ukoo gani, na mimi sina ukoo huko. Tweed haina maswali. Karne ya 19 wenye mashamba makubwa ya Uskoti waliwavalisha walinzi wao wa wanyama tweed zenye rangi za vilima vyao, wasionekane na paa. Ni nguo ya kazi. Yangu ni Harris Tweed, ambayo kwa sheria ya 1993 lazima ifumwe kwa mkono nyumbani kwa mfumaji, katika visiwa vya Outer Hebrides. Kwa mbali ni kahawia tu. Isogeze dirishani: kijani, njano, hata zambarau, kwa sababu sufu hutiwa rangi kabla ya kusokotwa.

Marinda yakae nyuma, mbele pawe bapa, ncha ya juu ifungwe kulia. Pini ichome tabaka la juu peke yake. Mimi nilichoma yote mawili, nikapanda basi kwa hatua ndefu, nikasikia *chrr*. Ukikaa, yapitishie marinda mkono kwanza, la sivyo utainuka na makunyanzi. Na ndani? Vaa chupi, bwana. Sufu inawasha, na upepo wa Edinburgh hauna adabu.

Ikilowa hunuka kama beberu. Usiitie kwenye mashine, itasinyaa. Itundike mbali na hita, ikikauka ipige brashi. Kabla ya kuipiga pasi, yapige marinda bandi kwa uzi mrefu, kisha weka kitambaa kibichi juu yake. Nondo nao wanaipenda sufu kuliko mimi, kwa hiyo wakati wa joto kilti yangu hulala ndani ya mfuko uliofungwa.