Uvimbe unanywea, mbona mtoto anazidiwa?

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini mpwa wako mwenye limfoma ya Burkitt (saratani ya seli nyeupe za damu) alizidiwa baada ya dozi ya kwanza ya dawa ya saratani, ilhali uvimbe wa taya ulikuwa umeanza kunywea, na kama dawa hiyo inaua hata seli zenye afya. Nimefanya kazi ya maabara ya patholojia kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu kwa kile kinachoonekana kwenye darubini na kwenye majibu ya damu.

Kufa kwa seli si ugonjwa. Seli iliyochakaa hujiua kwa utaratibu uitwao apoptosisi: hunywea, kiini chake hukatika, kisha hugawanyika katika vifuko vidogo ambavyo makrofaji, yaani seli za ulinzi zinazomeza mabaki, huvimeza kabla ya kilichomo kumwagika. Katika nekrosisi, yaani kifo kisicho na utaratibu huo, seli iliyokosa damu huvimba na kupasuka, vilivyomo vikamwagika, na sehemu hiyo ikavimba na kuuma.

Ugonjwa wa mpwa wako, ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa daktari mpasuaji Kampala, una slaidi isiyosahaulika: seli za buluu iliyokolea zimebanana, na katikati yake kuna madoa meupe yaliyotawanyika, ndiyo maana wanapatholojia huiita anga yenye nyota. Kila doa ni makrofaji aliyemeza seli zilizokufa, na ukikuza zaidi unayaona mabaki ya viini ndani yake. Kwa hiyo seli zilikuwa zikifa kwa wingi hata kabla ya dawa, ila jeni ya MYC, inayochochea seli kugawanyika, ikivurugika huzifanya zigawanyike upesi kiasi kwamba uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Dawa inapoziua nyingi kwa mpigo, makrofaji huzidiwa na kilichomo humwagika kwenye damu. Potasiamu huvuruga mapigo ya moyo, fosfeti hushikana na kalsiamu, na mabaki ya viini hugeuka asidi ya yuriki inayoganda katika vijifereji vya figo. Ndiyo sababu mtoto huwekewa dripu na kupewa alopurino, dawa ya kuzuia asidi ya yuriki isizidi, kabla ya dozi, na damu yake hupimwa tena na tena siku za mwanzo.

Seli zenye afya zinazogawanyika haraka, za uboho, utumbo na mizizi ya nywele, nazo hufa, lakini hizo hurudi.

Msimtoe hospitali, kwani limfoma hii huitikia dawa vizuri sana. Ulizeni majibu ya potasiamu, asidi ya yuriki na kreatinini (kipimo cha utendaji wa figo), na akikojoa kidogo kuliko kawaida mwambieni muuguzi saa hiyohiyo, bila kusubiri daktari apite asubuhi.