Je, Msaidizi wa Gari la Wagonjwa ni Dereva Tu?

SWALI: Mwanangu anaishi Birmingham, Uingereza, na ameajiriwa kuwa msaidizi wa huduma ya dharura katika gari la wagonjwa. Majirani zangu wanasema ni dereva tu, nami sijui niwajibu nini. Kazi yake hasa ni ipi, na je, anaruhusiwa kutibu? – Mama J., Tanga

JIBU: Shikamoo Mama. Udereva ni sehemu kubwa ya kazi ya mwanao, wala si ya kudharauliwa, kwani kule dereva wa gari hilo kwa kawaida hutakiwa kuwa na leseni ya daraja la C1, ya magari ya tani 3.5 hadi 7.5, pamoja na mafunzo maalumu ya kuendesha kwa kasi huku king'ora kikilia. Lakini gari likishasimama mlangoni kwa mgonjwa, udereva umekwisha na kazi nyingine inaanza.

Tuseme wamemkuta mtu ambaye moyo wake umesimama. Kifua chake kinapaswa kukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kikididimia sentimita 5 hadi 6, na wakandamizaji hupokezana kila baada ya dakika 2, kwa sababu nguvu hupungua hata kabla mwenyewe hajahisi kuchoka. Mwanao anapokandamiza, paramediki, yaani mtaalamu wa tiba ya dharura aliyesajiliwa ambaye yuko naye garini, hupata nafasi ya kufungua njia ya hewa, kutafuta mshipa na kutoa dawa ya adrenalini, miligramu 1 kila baada ya dakika 3 hadi 5. Mtu mmoja hawezi kuyafanya hayo yote kwa wakati mmoja, hata awe hodari namna gani.

Kabla ya zamu hukagua mitungi ya oksijeni, machela na mashine ya kushtua moyo. Kwa mgonjwa hupima shinikizo la damu na kubandika vibandiko 10 vya kupimia umeme wa moyo. Kisha kuna kumteremsha bibi mgonjwa kwa kiti cha kubebea katika ngazi nyembamba, kazi ambayo mimi naiona ngumu kuliko zote, maana inadai mgongo imara na maneno ya upole kwa pamoja.

Kuhusu kutibu, mipaka ipo. Jina la paramediki linalindwa na sheria, na halitumiwi na mtu asiyesajiliwa. Msaidizi hufanya yale aliyofundishwa, ila uamuzi mzito, kama vile kumwacha mgonjwa nyumbani badala ya kumpeleka hospitali, si wake peke yake. Hata hivyo, hatakiwi kunyamaza. Kabla ya sindano, wawili hao husomeana jina la dawa, kipimo chake na tarehe ya mwisho ya matumizi, na mwanao akiona kosa ana wajibu wa kumzuia mwenzake papo hapo, ingawa yeye ndiye mdogo kwa cheo.