Maswali ya Wasomaji: Bunduki ya Mtumba, Anza na Mtutu

Barua za safari hii zimetoka kwa wasomaji wetu walioko Marekani wanaolenga shabaha wikiendi. Kila ukaguzi ulioelezwa hapa hufanywa bunduki ikiwa tupu, chemba (mahali risasi inapokaa) ikiwa imetazamwa kwa jicho na kuguswa kwa kidole, na mtutu ukielekea pasipo na mtu.

Habari za kazi. Kwenye duka la rehani hapa Columbus, Ohio, nimeona Remington 700 ya risasi za .308. Mbao zake safi kabisa na ina darubini juu. Muuzaji anasema haijapigwa sana. Nitajuaje?

Ndugu yetu, maneno ya "haijapigwa sana" yaache hapo hapo kaunta. Hakuna bunduki ya mtumba inayouzwa bila maneno hayo. Mbao nazo zisikushike macho. Mbao hupigwa msasa na kupakwa mafuta jioni moja, lakini mtutu ulioliwa haurudi, na mtutu mpya pamoja na ufundi wake unaweza kukaribia bei ya bunduki nzima.

Omba ruhusa ya kuchomoa bolti, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma. Kwenye 700 kitufe chake ni kidogo, kiko mbele ya traiga ndani ya kinga yake. Kabla ya kuchungulia, pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu, kwa sababu mafuta mengi hufunika vishimo vya kutu na kuufanya mtutu mbovu ung'ae. Sasa mulika tochi kutoka upande wa chemba na utazame kutoka mdomoni, kisha geuza. Ukiona pete nyeusi inayozunguka mtutu mahali pamoja, hapo chuma kimevimba. Risasi ilipigwa kukiwa na kitu kimeziba. Pitisha vidole nje ya mtutu mahali hapo, mara nyingine uvimbe unausikia. Bunduki hiyo iache.

Michirizi myekundu ni shaba ya risasi, si ugonjwa. Dawa ya kusafishia yenye amonia huitoa, na kitambaa hutoka na rangi ya buluu. Vishimo vyeusi visivyotoka hata baada ya dawa ndiyo kutu. Halafu tazama kwa makini inchi mbili za kwanza mbele ya chemba, maana huko ndiko moto wa baruti unakoanzia kula. Mtutu uliochoka huko huwa wa kijivu na umepasuka-pasuka kama tope lililokauka. Kwa makadirio ya walengaji, .308 huanza kupoteza usahihi baada ya risasi kama 5,000, wakati kaliba kali kama 7mm Remington Magnum huweza kuchoka kabla hata ya 2,000.

Mdomo wa mtutu upime kwa kijiti cha pamba ya masikio: kivute kutoka ndani kwenda nje ukizunguka ukingo wote. Nyuzi zikinasa, ukingo una jeraha, na risasi itakuwa inayumba inapotoka. Hilo fundi hulitengeneza kwa kukata ukingo upya, kazi ndogo. Litumie kushusha bei tu.

Kwenye bolti, tazama yale meno mawili makubwa ya kufungia. Mng'ao wa msuguano nyuma yake uwe sawasawa. Ukiwa kwenye jino moja tu, jino hilo ndilo linalobeba mzigo peke yake. Kijino cha kuchomoa ganda kwenye 700 ni kipande chembamba cha chuma ndani ya uso wa bolti, na huvunjika. Mkono wa bolti nao umeunganishwa kwa kulehemu, kwa hiyo angalia shina lake usione ufa.

Kubwa zaidi ni nafasi ya ganda ndani ya chemba. Hii hupimwa kwa geji tatu, na za .308 ni inchi 1.630, 1.634 na 1.638. Fundi hutoa kwanza pini ya kugonga fataki (kiwashio cha risasi) na kipini cha kurushia ganda, kisha anasukuma mkono wa bolti kwa kidole kimoja bila nguvu. Bolti ifunge juu ya geji ya kwanza, na igome kwa ya pili. Ikifunga hata kwa ya tatu, bunduki hiyo haifai kupigwa: ganda litanyooka kupita kiasi na huweza kukatika karibu na kitako chake, na gesi ikarudi usoni.

Mwisho ni traiga, na kwa 700 usiliruke. Mwaka 2014 kampuni iliita zirudi bunduki zenye traiga ya X-Mark Pro zilizotengenezwa kuanzia 1 Mei 2006 hadi 9 Aprili 2014, kwa kuwa zingeweza kufyatuka zenyewe. Uso wa traiga hiyo ni laini. Ya zamani ina mistari. Laini yenye alama ya nukta iliyogongwa kwenye kile kitufe cha kuchomolea bolti imekwisha kurekebishwa au ilitoka kiwandani ikiwa ya utaratibu mpya. Traiga za mistari nazo zilifikishwa mahakamani kwa malalamiko ya aina hiyo hiyo, na muda wa kudai marekebisho umeshapita. Ukikuta yoyote ya kutiliwa shaka, weka ndani ya hesabu yako bei ya traiga mpya ya Timney au TriggerTech.

Jaribio la papo hapo ni hili: bunduki tupu, bolti imefungwa na kukokiwa, sefti (kizuizi cha usalama) imewekwa. Vuta traiga kwa nguvu, iachie, kisha ondoa sefti. Isifyatuke. Funga bolti kwa kishindo mara kadhaa, gonga kitako sakafuni juu ya mpira, bado isifyatuke. Ikifyatuka mara moja tu kati ya zote, irudishe kaunta.

Na ile darubini ihesabu kuwa ni bure. Nyingi ni za bei rahisi zilizowekwa kusukuma bei juu.

Nina green card, bado si raia. Mwenzangu yupo kwa viza ya masomo. Je, tunaruhusiwa kununua?

Wewe ndiyo. Dukani utajaza fomu 4473, utaonyesha kitambulisho chenye anwani unayoishi sasa na namba ya ukaazi wako, kisha jina lako litapigwa msasa kwenye mfumo wa serikali. Mwenzako, kwa sheria ya shirikisho, hapana, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji ya jimbo au aangukie ruhusa nyingine chache. Usimnunulie kwa jina lako. Fomu inauliza waziwazi kama wewe ndiye mnunuzi wa kweli, na kudanganya hapo ni kosa la jinai. Kwa asiye raia, kosa hilo linagusa na ukaazi wenyewe.

Ukinunua kwa mtu binafsi wa jimbo jingine, bunduki lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni. Ndani ya jimbo lako sheria hutofautiana, na yako majimbo yanayotaka kila mauzo yapitie dukani. Namba ya bunduki iandikwe kwenye risiti, na iliyokwanguliwa namba usiishike hata kwa kuitazama.

Babu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) na alikwenda Burma. Natafuta Lee-Enfield ya .303 kama aliyobeba, ya kupiga, si ya kuning'iniza ukutani. Niangalie nini? (Msomaji, Minneapolis)

Chaguo zuri; bolti yake ni ya haraka kuliko ya Mauser ya Kijerumani, na magazini hubeba risasi 10. Lakini ni bunduki yenye mitego yake.

Kwanza tafuta herufi DP kwenye chuma na mbao. Hizo zilitengwa kwa gwaride na mafunzo, nyingine zikiwa na kasoro ndani. Ukutani zinafaa, kwenye shabaha hapana. Pili, namba iliyo nyuma ya mkono wa bolti ilingane na ya mwili wa bunduki. Bolti za Lee-Enfield zilioanishwa na mwili wake, na bolti ya kuazima huharibu ile nafasi ya ganda. Kwenye toleo la No. 4 nafasi hiyo hurekebishwa kwa kubadilisha kichwa cha bolti, ambavyo viligongwa namba 0 hadi 3, kila namba ikiwa ndefu kidogo kuliko iliyotangulia. Ukikuta tayari ina namba 3 na bado geji inapita, hakuna pa kwenda.

Tatu, kama ni No. 4 Mk I*, iliyotengenezwa Long Branch ya Kanada au Savage ya Marekani, vuta bolti nyuma na utazame reli ya kulia kinakopita kichwa cha bolti. Kuna pengo lililokatwa karibu na mbele, la kutolea kichwa. Ukingo wa pengo hilo ukimeguka, kichwa huruka kutoka relini ukiwa katikati ya kupiga.

Mbao hapa zina maana kuliko kwenye 700. Kwenye No. 4 mbao ya mbele inapaswa kuusukuma mtutu juu karibu na mdomo, kwa uzito wa ratili 2 hadi 7. Vuta mtutu na mbao viachane kwa vidole: vikigoma kidogo kisha vikarudi, sawa. Vikiwa vinacheza, mbao zimekauka na kusinyaa, na shabaha itatawanyika hata mtutu ukiwa mpya.

Risasi kuukuu za jeshi nyingi zina fataki inayoacha chumvi. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo siku hiyo hiyo mwaga maji ya moto ndani ya mtutu kutoka chemba, kausha kwa vitambaa, ndipo upake mafuta. Risasi ikigoma, shikilia mtutu kuelekea shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kufungua. Baadhi hulipuka kwa kuchelewa.

Binti yangu ana miaka 13. Nimeuziwa wazo la Ruger 10/22 ya mtumba. Inafaa kuanzia? (Mama wa Houston)

Mama, ni bunduki nzuri ya .22 inayojipakia yenyewe, ipo tangu 1964 na vipuri vyake viko kila duka. Ila kwa anayeanza tunapendelea .22 ya bolti, kama Savage Mark II au CZ 452, kwa sababu kila risasi anaiingiza kwa mkono, na hapo ndipo anapojifunza kupumua na kutulia.

Kwa .22 yoyote ya mtumba, chungulia ukingo wa chemba kwa tochi. Fataki ya .22 iko kwenye ukingo wa ganda, kwa hiyo bunduki ya zamani ikifyatuliwa tupu mara nyingi, pini hugonga chuma cha chemba na kuacha kovu. Ganda hunasa hapo. Fundi hulinyoosha. Pima pia kitako: akikunja kiwiko digrii 90, kitako kikiwa kwenye kiwiko, kidole kifike kwenye traiga bila kunyoosha mkono. Kisha nunueni risasi za aina tatu au nne, kila aina mpige tano tano kwa yadi 50, na mbaki na ile ambayo matundu yake yanakusanyika pamoja.

Nikichoka nayo, naweza kuiweka kwenye kontena la mizigo kwenda Tanga?

Hapana. Bunduki kutoka Marekani inahitaji kibali cha kusafirisha nje, na Tanzania inahitaji kibali chake cha kuingiza kabla haijapakiwa. Darubini za bunduki nazo zina masharti ya kibali hicho, hata zikisafiri peke yake ndani ya godoro.