Wanyama na mimea ya kuwaonyesha watoto hapa hapa Posta

Mkuu, umeuliza kama Dar kuna sehemu ya kuwapeleka watoto waone viumbe na mimea bila kupanga safari ya Mikumi. Ipo: Bustani ya Mimea, barabara ya Samora, jirani na Makumbusho ya Taifa. Huwa naenda na wanangu, na ushauri wangu ni mmoja: msiizunguke. Ni ndogo, mtaimaliza upesi na watoto watasema hawajaona kitu. Chagueni mti mmoja mtulie hapo.

Sisi tunapenda kuwatafuta maji moto, wale chungu wekundu wa kwenye miembe. Angalia tawi lenye majani yaliyoshonwa yakawa kifuko. Mkiwakuta kazini mtaona wamejipanga, wanavuta kingo za majani mpaka zikutane, huku wengine wamebana mabuu mdomoni wakiyapeleka huku na huku kama mtu anayedarizi kofia. Uzi unatoka kwa hao mabuu, chungu wakubwa hawana. Binti yangu aliuliza, "Baba, mtoto haumii?" tukabaki hapo muda mrefu. Na msiwaue, kwenye minazi hao ndio wanaowafukuza kunguni wanaofyonza vidaka hadi vikapukutika. Ila msisimame kwenye njia yao, wanauma kwelikweli.

Bustani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kujaribia mazao ya biashara, ndiyo maana miti ya ugenini ni mingi. Waulizeni wahudumu ulipo mnazi wa Shelisheli. Mbegu yake ndiyo kubwa kuliko zote duniani.

Ndege nendeni asubuhi, jua halijawa kali. Kunguru mtawaona tu, wamejaa mji mzima. Hawa wenye shingo ya kijivu asili yao India, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wakavuka hadi huku, na wanakula mayai na makinda ya ndege wengine. Inaniuma sana. Kwa hiyo mkimwona chozi anafyonza ua kwa ule mdomo wake uliopinda, mpe mtoto nafasi amtazame mpaka aondoke mwenyewe.

Wale wadogo kabisa hawatakuwa na subira ya chungu. Hao waanzie kwa tausi, wanatembea humo humo bustanini.