Maswali na majibu: Lockerbie na lebo iliyoandikwa juu ya maandishi

Maswali mengi safari hii ni ya ndege ya abiria, Pan Am 103, iliyoripuliwa juu ya Lockerbie, Uskoti, tarehe 21 Desemba 1988. Walikufa watu 259 ndani ya ndege na 11 chini.

Sanduku jeusi, kinasa kumbukumbu cha ndege, halikusema nani katega bomu?

Haliwezi. Tena si jeusi, lina rangi ya chungwa. Kinasa sauti kilinasa kishindo cha chini ya robo sekunde, umeme ukakatika, basi.

Walijuaje ni bomu, si uchovu wa chuma (chuma kupasuka kwa kutumika muda mrefu)?

Ufa wa uchovu hukua polepole na huacha mistari iliyofuatana, inayoonekana kwa hadubini. Mlipuko hupasua bamba kwa mkupuo: kingo hujikunja nje, uso wa chuma hujaa vishimo na masizi. Ila bamba moja halitoshi. Wapekuzi walipita eneo la maili za mraba 845 kwa kanuni moja: kisichokuwa jiwe wala mmea, okota. Kila kitu kikatiwa lebo, nguo zikapigwa eksirei. Vipande vya kontena la mizigo AVE 4041 vilipounganishwa upya, pembe iliyoumia zaidi ilielekea ubavu wa kushoto, mbele, palepale bodi ya ndege ilipotoboka tundu la karibu nusu mita.

Kweli kipande kimoja ndicho kilichowaelekeza wapelelezi Libya?

Si kimoja. Nguo zilizokuwa karibu na bomu zilifuatiliwa hadi duka la Sliema, Malta. Kipande cha saketi, kidogo kama ukucha, kilitoka kwenye ukosi wa shati lililoungua. Kikafananishwa na saa ya kuripulia bomu, MST-13, ya kampuni ya MEBO ya Zurich, iliyowauzia Walibya. Lakini lebo ya mfuko wa kielelezo hicho iliandikwa kwanza "nguo", kisha juu yake "mabaki", na polisi aliyehusika hakutoa maelezo ya kuridhisha. Majaji walikipokea hivyohivyo, na mwaka 2001 wakamtia hatiani Mlibya Abdelbaset al-Megrahi. Mshtakiwa mwenzake, Lamin Fhimah, akaachiwa. Ubishi haujaisha. Mpelelezi anayerekebisha lebo apige mstari mmoja neno la zamani lisomeke, aweke saini na tarehe. Kufuta ni kumpa wakili wa utetezi zawadi.

Abiria asipopanda, begi lake lishushwe?

Lishushwe, hata ndege ichelewe. Kwa mujibu wa hukumu, sanduku lile lilitoka Malta bila mwenyewe, likahamishiwa ndege nyingine Frankfurt. Eksirei si mbadala wa kuhesabu mabegi na wenyewe.